Habari za Guangzhou: Nasaha ya Msafiri ni Amana



Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, msimu wa maonesho makubwa ya biashara ya Guangzhou umekaribia, na katika mitaa yetu ya Dar es Salaam maandalizi yameshapamba moto. Kijana huyu ameuza kiwanja alichorithi ili akalete vigae. Mama yule amekopa katika kikoba ili akachague mabegi na viatu. Ndugu watatu wa familia moja wamechanga mtaji na kumteua mdogo wao asafiri kwa niaba yao. Katika kila safari ya namna hii mna fedha za watu wengi kuliko huyo mmoja anayepanda ndege: mna dhahabu ya mke, mna ada za watoto, mna akiba ya mzazi mzee.

Ndiyo maana wiki hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni maongezi ya barazani tu, nalo ni yale ambayo waliotangulia kusafiri huwaeleza wanaofuata. Kamati yetu ya msikiti iliwaita baadhi ya ndugu na akina mama waliokwishafika Guangzhou, ikawaketisha na wale wanaotarajia kwenda, na kwa siku tatu baada ya swala ya Ishaa yakazungumzwa mengi. Mengine yalikuwa ya manufaa makubwa. Mengine yalikuwa yamezeeka. Na mengine, tena yale mazito zaidi, yalisemwa kwa kunong'ona tu, baada ya watu kuanza kuondoka. Hilo la mwisho ndilo lililotusukuma kushika kalamu.

Kitabu cha wasafiri wa Khanfu

Guangzhou ni makao makuu ya jimbo la Guangdong, kusini mwa China, kando ya Mto wa Lulu. Wazungu waliuita Canton, na Waarabu wa zama za Bani Abbas waliuita Khanfu. Wafanyabiashara Waislamu kutoka Basra, Siraf na Oman walifika huko kwa majahazi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakizisubiri pepo za misimu kama mababu zetu wa pwani walivyozisubiri. Waliporudi, walisimulia. Mwaka 237 Hijria, sawa na 851 Miladia, masimulizi yao yalikusanywa katika kitabu kinachojulikana kama Akhbar as-Sin wal-Hind, yaani Habari za China na India.

Kitabu hicho hakikuandikwa ili kumfurahisha msomaji. Ni nasaha za wasafiri kwa wasafiri. Kinaeleza kwamba Khanfu palikuwa na Mwislamu aliyepewa na mtawala wa China mamlaka ya kuhukumu baina ya Waislamu na kuwaswalisha Idi. Kinaonya kuhusu moto uliokuwa ukiteketeza bidhaa mara kwa mara kwa sababu nyumba zilijengwa kwa mbao na matete. Kinaeleza kwamba msafiri wa ndani ya nchi alitakiwa kuwa na barua mbili, moja ikitaja jina na nasaba yake, na nyingine ikitaja mali aliyobeba. Kinaeleza habari za majani yanayotiwa maji ya moto na kunywewa, ambayo leo tunayaita chai. Hata jambo la chooni hakikuona haya kulitaja: kwamba watu wa huko hujifuta kwa karatasi badala ya kutawadha kwa maji. Ndugu zetu waliokwenda juzi walilitaja jambo hilohilo, na wakashauri kila msafiri asikose chupa yake ya maji.

Katika karne ya 10 mtu wa Siraf aitwaye Abu Zayd alikipitia kitabu kile, akalinganisha maneno yake na habari za wasafiri wengine, akayakubali mengi na mahali pengine akasahihisha. Kisha akaongeza jambo zito. Alieleza kwamba mambo ya China yalikuwa yamebadilika, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 9 waasi walioongozwa na Huang Chao waliuvamia mji wa Khanfu na kuwaua wafanyabiashara wageni wengi wa dini mbalimbali. Aliyesafiri kwa kutegemea habari za mwaka 851 peke yake angekwenda kutafuta mji ambao haupo tena.

Maswali matatu kabla ya kuamini

Wanazuoni wetu wa hadithi walituachia kipimo cha habari. Hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza nani kasema, kasikia kwa nani, na hali yake ikoje. Kwa kipimo hicho ndipo yale maneno mashuhuri yanayonasibishwa kwa Mtume (S.A.W.) kuhusu kuifuata elimu hata China yalipobainishwa kuwa hayakuthibiti, ijapokuwa yanasikika vizuri masikioni na maana ya kutafuta elimu ni sahihi kwa dalili nyinginezo.

Nasi tunashauri msafiri apime habari za Guangzhou kwa maswali matatu. La kwanza: uliliona mwenyewe, au uliambiwa? La pili: ilikuwa lini? La tatu: wewe utanufaika na nini nikilifuata shauri lako? Swali hili la tatu si la kumdhania ndugu yako vibaya. Wapo wanaolipwa kamisheni kwa kila mgeni wanayempeleka katika hoteli, duka au ghala fulani. Kamisheni iliyowekwa wazi ni halali. Inayofichwa chini ya jina la udugu ndiyo inayoharibu udugu.

Kipimo hiki kinafanya kazi hata katika mambo ya ziara. Karibu na bustani ya Yuexiu upo Msikiti wa Xianxian, na katika eneo lake lipo kaburi ambalo Waislamu wa huko kwa karne nyingi wamelinasibisha kwa Swahaba Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.). Wasafiri wetu karibu wote hurudi na picha ya mahali hapo. Mahali ni pa kheri na utulivu, na anayekwenda awaombee dua Waislamu waliozikwa hapo. Lakini wanahistoria wa Kiislamu wanaeleza kwamba Sa'd alifariki Aqiq, karibu na Madina, akazikwa Baqi'. Basi anayerudi aseme: nimezuru kaburi ambalo wenyeji wanasema ni la Sa'd. Neno hilo "wanasema" halipunguzi heshima ya mahali, bali linahifadhi ukweli.

Kuingia na kukaa

Sasa tuyataje yale yaliyothibiti. Maonesho ya Guangzhou yalianza mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kila mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, katika eneo la Pazhou. Kila msimu hugawanywa katika awamu tatu. Kwa mpangilio wa miaka ya karibuni, awamu ya kwanza ni ya vifaa vya umeme, mitambo na zana. Ya pili ni ya vyombo vya nyumbani, zawadi, samani na vifaa vya ujenzi. Ya tatu ni ya nguo, viatu, vitu vya watoto na vya kuchezea. Mama wa viatu akienda awamu ya kwanza atatembea kutwa nzima katikati ya mashine na taa, huku akilipia hoteli ambayo bei yake imepanda kwa sababu ya wingi wa wageni.

Asiyefungamana na maonesho anaweza kuchagua wakati mwingine, lakini aepuke mambo mawili. La kwanza ni mwaka mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na karibu tarehe 20 Februari. Wafanyakazi hurudi vijijini kwao na viwanda vingi hufungwa kwa wiki kadhaa. La pili ni wiki ya kwanza ya Oktoba, ambayo ni sikukuu ya taifa lao. Aliyeagiza bidhaa za Ramadhani au za Idi azipige hesabu siku hizi, pamoja na wiki za meli baharini, kabla hajamuahidi mteja yeyote.

Kuhusu makazi, sheria ya China inamtaka mgeni asajiliwe polisi alipo. Akilala hotelini, hoteli humsajili. Akilala nyumbani kwa rafiki, ni juu yake na mwenyeji wake kwenda kituo cha polisi ndani ya saa 24. Wengi hulipuuza jambo hili kwa kuwa rafiki amewaambia hakuna shida. Vilevile siku za viza zihesabiwe kwa uangalifu. Atakayezidisha anaweza kutozwa faini ya yuan 500 kwa kila siku, isiyozidi yuan 10,000, au kuwekwa kizuizini kwa siku 5 hadi 15. Pasipoti na itembee nawe, na nakala yake aachiwe mtu wa nyumbani.

Chakula, tohara na swala

Katika mikahawa ya China neno "nyama" likitajwa bila maelezo, aghalabu makusudio ni nguruwe. Aidha, mboga tupu inaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe au kutiwa mvinyo wa kupikia. Kwa hiyo haitoshi kusema "sili nyama". Neno la kutafuta ni qingzhen, ambalo ndilo Waislamu wa China wanalolitumia kwa chakula halali na hata kwa msikiti, unaoitwa qingzhensi. Huandikwa kwa alama mbili za Kichina. Zihifadhi katika simu yako kama picha na umwoneshe mwenye mkahawa. Usitegemee kuona neno "halali" kwa Kiarabu peke yake, kwa kuwa katika baadhi ya miji ya China maandishi ya Kiarabu yameondolewa katika mbao za mikahawa.

Mikahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono ipo karibu kila mtaa, na mingi huendeshwa na Waislamu wa makabila ya Hui na Salar kutoka kaskazini magharibi. Bakuli moja la tambi na supu ya ng'ombe hushibisha, na bei yake ni nafuu. Ipo pia mikahawa ya Waislamu wa Xinjiang yenye mishikaki ya kondoo na mikate ya tanuri. Katika eneo la Xiaobei, ambalo kwa miaka mingi limekuwa makutano ya Waafrika na Waarabu, chakula halali hakisumbui kupatikana. Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemshwa, na vyumba vingi vya hoteli vina birika la umeme.

Kuhusu swala, sisi wa Dar es Salaam tumezoea kuelekea kaskazini. Guangzhou kibla kipo magharibi, kukielekea kidogo upande wa kaskazini, na saa za huko zipo mbele yetu kwa saa 5. Anayefuata mazoea ya nyumbani anaweza kuswali wiki nzima akiwa ameupa kibla ubavu. Ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya swala inajulikana, na ni sadaka ya Allah kwa mtu anayezunguka masokoni tangu asubuhi. Aulize masharti yake kwa masheikh kabla hajaondoka, si baada ya kurudi.

Mji una misikiti kadhaa. Mkongwe zaidi ni Huaisheng, katika barabara ya Guangta, wenye mnara mweupe wa urefu wa takriban mita 36. Wenyeji huuita Mnara wa Nuru, na inasemekana zamani uliwaongoza mabaharia. Siku ya Ijumaa mtu husimama safu moja na Mchina, Msomali, Myemeni, Mmali na Mpakistani. Ndugu mmoja alituambia kwamba alikuwa na siku nne hajatoa salamu kwa mtu akajibiwa. Alipoitoa pale mlangoni ikajibiwa na watu saba kwa pamoja. Tuzingatie tu kwamba sheria ya nchi ile inamruhusu mgeni kuswali katika misikiti iliyosajiliwa, lakini haimruhusu kufanya da'wa wala kugawa vitabu vya dini. Mgeni mwema hamletei matatizo imamu aliyempokea.

Soko na fedha

Guangzhou ni masoko mengi, na kila soko lina fani yake. Nguo za jumla zipo karibu na stesheni kuu ya reli na eneo la Shahe. Mabegi na bidhaa za ngozi zipo upande wa Sanyuanli. Vitambaa vipo Zhongda. Vitu vya kuchezea na mapambo vipo barabara ya Yide. Samani na vigae viko Foshan, mji wa jirani. Vifaa vya simu na elektroniki vina soko lake Huaqiangbei, katika mji wa Shenzhen, mwendo usiofika saa moja kwa treni ya kasi. Mwenye kutafuta vitu vidogovidogo vya kila aina huambiwa aende Yiwu, lakini ajue kwamba Yiwu ipo katika jimbo la Zhejiang, mbali na Guangzhou, si safari ya kwenda na kurudi mchana mmoja.

Miaka kumi iliyopita msafiri alibeba noti. Leo muuza maembe wa kando ya barabara anataka uskani msimbo kwa simu. Tangu mwaka 2023 imekuwa rahisi kwa mgeni kuunganisha kadi yake ya benki ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat. Afanye hivyo nyumbani, ajaribu, na aiarifu benki yake. Fedha taslimu ni halali bado, na kiasi kidogo kisikosekane mfukoni.

Katika ununuzi, hasara nyingi tulizosimuliwa zilitokana na sababu zilezile chache. Desturi ya viwanda vingi ni kudai malipo ya awali ya asilimia 30, na asilimia 70 kabla mzigo haujapakiwa. Anayelipa zile 70 bila yeye au mtu wake mwaminifu kufungua maboksi, amenunua picha. Mama mmoja alichagua mabegi dukani, akayashika kwa mikono yake na kuridhika. Yaliyofika Dar es Salaam yalikuwa ya umbo lilelile na ngozi nyingine kabisa. Hakubakiza sampuli, wala ankara yake haikutaja aina ya ngozi. Deni la kikoba alililipa kwa miezi kumi na nne. Basi sampuli ibaki nawe, iwekwe saini na muuzaji, na ankara iandike malighafi, vipimo, rangi na idadi. Malipo yaende katika akaunti yenye jina la kampuni lililo kwenye ankara. Ukielekezwa akaunti ya mtu binafsi, simama kwanza uulize.

Tena, bei ya dukani si bei ya mali. Juu yake kuna mkalimani, ghala, usafiri wa meli unaohesabiwa kwa mita za ujazo, bima, ushuru wa forodha, na cheti cha kuthibitisha ubora kinachotakiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa bidhaa zinazohusika. Vyeti vya namna hii hutafutwa bidhaa zikiwa bado China. Anayerudi akisema "nimenunua kwa elfu tatu nikauza kwa elfu kumi" bila kuyataja haya, amesema kweli nusu, na nusu ya kweli imeshazifilisi nyumba za watu.

Mzigo wa mtu mwingine

Hapa ndipo palipokuwa na minong'ono. Watu wazima walitazamana, na mmoja akasema taratibu kwamba yupo kijana wa mtaa wa pili ambaye hajarudi.

Sheria ya jinai ya China inaeleza kwamba atakayesafirisha gramu 50 au zaidi za heroini anaweza kuhukumiwa kifungo cha miaka 15, kifungo cha maisha, au kifo. Gramu 50 ni uzito wa vijiko vichache vya sukari. Ugeni si udhuru. Vijana wa Kitanzania wamefungwa China bara na Hong Kong kwa makosa haya. Kuanzia mwaka 2013 Padri John Wotherspoon, aliyehudumia wafungwa Hong Kong, alizisambaza barua walizoandika wafungwa hao, wakiwemo Watanzania, kuwaonya ndugu zao wasiingie katika mtego walioingia wao. Tuzitazame barua hizo kwa jicho la insafu. Mtu amepoteza ujana wake gerezani, na bado ameona ni wajibu wake kumwambia anayefuata ukweli wa njia ile. Sisi tulio huru, wenye chai mkononi, tunaona haya kusema tulipoteza milioni mbili kwa dalali!

Kwa hiyo kanuni ni moja na haina mjadala: usibebe mzigo ambao hukuufunga kwa mikono yako. Usibebe begi la rafiki, bahasha ya jirani, kopo la dawa za asili la shangazi wa mtu, wala zawadi ya mtu aliyekulipia tiketi. Mtu anayekulipia tiketi na hoteli kwa kazi usiyoielewa hajakufanyia ihsani. Wazazi, mtoto wenu akiwaambia amepata safari ya China bure, msianze na dua ya kumshukuru mfadhili. Anzeni na maswali.

Simu na waliobaki nyumbani

WhatsApp, Google, Facebook na YouTube zimefungwa kwa kawaida katika intaneti ya China. Mke aliyezoea ujumbe kila jioni hukaa siku tatu hana habari, na shetani hakosi la kumnong'oneza. Jambo hili lina dawa rahisi. Kabla ya safari, msafiri na mtu wa nyumbani waweke WeChat katika simu zao na waijaribu. Wengine huacha laini ya nyumbani ikiwa imefunguliwa huduma ya kimataifa, ingawa gharama yake ni kubwa. Mwachieni mtu wa nyumbani jina la hoteli lililoandikwa kwa Kichina, namba ya ndege, na jina la mwenzenu wa safari. Na deni lolote la msafiri liandikwe na kushuhudiwa kabla hajaondoka, kama mafundisho ya dini yetu yanavyotutaka.

Je, kumtaja dalali mwovu ni kusengenya?

Swali hili liliulizwa na ndugu mmoja kwa nia njema, nalo ndilo linalowafunga wengi midomo. Alitapeliwa na wakala, Mwislamu mwenzake, na alichelea kwamba akimtaja atakuwa amemla nyama ndugu yake. Jawabu ni kwamba kusengenya ni haramu, lakini wanazuoni wamebainisha hali zinazoruhusu. Imam Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, amezitaja sita, na miongoni mwake ni kuwatahadharisha Waislamu na shari. Anayetaka kumkabidhi mtu mali yake, akakuuliza kuhusu mtu huyo, anastahiki kuambiwa unachokijua.

Lakini ruhusa hii ina mipaka. Sema kwa anayehitaji kujua, si kwa kila anayepita barazani. Sema uliloliona, usiongeze ulilolidhania. Taja kitendo, tarehe na kiasi, uache kabila lake, ukoo wake na mambo ya nyumba yake. Na kama amekulipa au ametubu, sema hilo pia.

Lipo na la pili. Wapo wanaonyamaza si kwa kuogopa dhambi ya kusengenya, bali kwa kuogopa kuonekana wajinga. Aliyeondoka kwa kusindikizwa na mtaa mzima anaona uzito kusema amerudi na kontena la bidhaa zisizouzika. Basi anavaa suti mpya, anaonesha picha za maghorofa, na kijana anayemsikiliza anakwenda kuuza kiwanja. Dini yetu imemwajibisha muuzaji kubainisha aibu ya bidhaa anayoiuza. Anayewauzia watu picha ya safari isiyo na kasoro naye ana aibu aliyoificha, hata kama hakuchukua senti kwao. Na jamaa wa mtaani nao wana sehemu yao: mtu akikiri hasara, asichekwe. Kicheko kimoja kinaweza kuwanyamazisha wengine kumi.

Tulilokubaliana

Kwa sababu hizi, kamati imefungua daftari la wasafiri katika ofisi ya msikiti. Kila anayerudi anaombwa kuandika, kwa jina lake au bila jina, mambo matano: alisafiri lini, alinunua nini na wapi, alilipa kiasi gani mpaka mzigo ukafika dukani, kipi kilikwenda vizuri, na kipi kilimpotezea mali au muda. Tarehe ni sharti, ili habari iliyozeeka ijulikane kwamba imezeeka. Wanaotarajia kusafiri watalisoma hapohapo ofisini, halitoki nje. Kwa akina mama, limetengwa daftari lao, na mmoja wao atalisimamia. Kurasa za mwanzo zimeshajaa, na ukurasa wa nne umeandikwa na yule mama wa mabegi, kwa mkono wake, pamoja na hesabu yote.

Tunaziomba kamati za misikiti mingine, za hapa Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga, Mombasa na kwingineko wanakotoka wafanyabiashara wa safari hii, zilitazame jambo hili. Karatasi na kalamu hazina gharama, na mtaji wa familia moja ukinusurika, gharama hiyo imesharudi mara nyingi.

Tunamuomba Allah awahifadhi wasafiri wetu baharini, angani na nchi kavu, awape riziki ya halali, awarejeshe kwa familia zao salama, na awajaalie faraja walio vifungoni na wazazi wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.